Hesabu Moja kwa Namba Zote? Uchambuzi wa Jeneriki katika Lugha za Programu

Chanzo cha utata

Vijana wetu waandishi wa programu, hasa wale walioanza kazi hii kwa Python au JavaScript na baadaye, kwa ajili ya ajira au kwa ukubwa wa kazi yenyewe, wakahamia Java, Go, C# au Rust, hukutana mapema na jambo linalowatatiza, na majibu wanayopewa juu yake hayapatani: kwamba kujumlisha, amali ambayo mtoto wa darasa la kwanza huijua kuwa ni moja, huwabidi waiandike mara mbili, mara tatu na pengine mara kumi, mara hii kwa namba kamili za biti 32, mara ile kwa za biti 64, na mara nyingine kwa namba zenye nukta. Mmoja huwaambia kuwa dawa yake ni jeneriki. Wa pili, kuwa jeneriki haifai kwa namba. Wa tatu, kuwa inafaa ila katika lugha yake yeye tu. Kila mmoja wao ana fungu lake la haki, na ndiyo sababu mzozo haumaliziki.

Lugha zinazohusika hapa ni zile ambazo kila thamani ndani yake sharti iwe na aina inayojulikana kabla programu haijaendeshwa, na ambazo mkaguzi wake, yaani kompaila, hukataa katakata msimbo unaochanganya aina kinyume cha sheria. Tuseme mtu anaandika programu ya wanunuzi wa mwani wa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Uzito wa mwani mkavu huuandika kwa kilo na sehemu za kilo, kwa hiyo ni namba yenye nukta. Malipo huyaandika kwa shilingi kamili, kwa kuwa senti haina tena kazi sokoni. Akitaka jumla ya uzito wa siku na jumla ya malipo ya siku, hatua ni zile zile, anza na sifuri, ongeza cha kwanza, ongeza cha pili, hata mwisho. Lakini aina ni mbili, na kompaila isiyo na jeneriki itamtaka aandike funksheni mbili zisizotofautiana ila kwa jina la aina. Jeneriki ni ruhusa ya kuandika funksheni moja yenye nafasi iliyoachwa wazi mahali pa aina, nafasi ambayo kwa desturi huitwa T, kisha kila mtumiaji akaijaza kwa aina aitakayo.

Kwa orodha, foleni na mafungu mengine ya vitu, ruhusa hiyo haina mgogoro, kwani orodha hukihifadhi kitu bila kukiuliza swali. Hesabu huuliza. Funksheni ya jumla inapoweka alama ya kujumlisha kati ya T na T, inadai kwamba T, iwayo yote, inajua kujumlishwa. Na funksheni ya wastani inadai zaidi, kwamba T inajua pia kugawanywa. Ugomvi uliobaki wote unatokana na swali moja: mtu anaposema kuwa T ni namba, ameahidi nini?

Rupia mbili za Bagamoyo

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta, na pwani hii ililipata katika fedha yake. Rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kupigwa mwaka 1890, wakati Bagamoyo ilipokuwa bado makao ya utawala, kabla makao hayo hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, ilikuwa na pesa 64, kwa kufuata desturi ya Kihindi iliyokwisha kuzoeleka pwani. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani, baada ya kuitwaa kazi ya sarafu kutoka kwa kampuni hiyo, iliiondoa pesa katika mpango wake na kuweka heller 100 kwa rupia moja. Jina halikubadilika. Iliyobadilika ni hesabu ya ndani.

Kwa kujumlisha, mabadiliko hayo yalikuwa mepesi: karani aliyekuwa akivusha rupia moja kwa kila pesa 64 sasa angevusha moja kwa kila heller 100, na taratibu nzima ingebaki vile vile isipokuwa namba moja inayojazwa mahali pake. Hiyo ndiyo jeneriki katika maana yake kamili. Kugawanya kulikuwa habari nyingine. Rupia ya pesa 64 hukatwa nusu, ikawa robo, ikawa thumuni, na kuendelea hata mara sita pasipo kubakiza kitu, mpaka ifike pesa moja. Rupia ya heller 100 hukatwa ikawa 50, ikakatwa tena ikawa 25, na hapo ndipo ukomo wake, kwa maana nusu ya 25 si heller kamili. Aliyekuwa akigawa faida kwa nusu za nusu angejikuta na kanuni iliyokuwa sahihi jana na yenye kasoro leo, ijapokuwa hakuna aliyeondoa wala kuongeza neno katika kanuni hiyo. Anayetaka kujua kwa nini wataalamu wa lugha za programu wanakubaliana juu ya jumla na kukorofishana juu ya mgawanyo, na aitazame rupia hiyo.

Tena kuna jambo la pili ambalo daftari za zamani hulifundisha. Pembe za ndovu na sandarusi zilipimwa kwa frasila, ambayo ni takriban ratili 35, na nafaka zikapimwa kwa pishi ya vibaba vinne, kipimo cha ujazo na si cha uzito. Frasila 3 na pishi 4 zote ni namba katika karatasi, na kila moja yajumlishika na mwenziwe wa jinsi yake, lakini karani mwenye akili timamu hakuthubutu kuziandika katika safu moja. Kompaila iliyoambiwa tu kuwa zote ni namba kamili ingezijumlisha na kutoa saba, wala isione haya.

Kambi na hoja zake

Java ilipokea jeneriki mwaka 2004, katika toleo lake la 5, kwa njia ya kufuta: kompaila huikagua T wakati wa kutafsiri msimbo, kisha huifuta, na programu ikishaanza kwenda hubaki vitu visivyo na kumbukumbu ya T. Kwa kuwa int na double katika Java hazihesabiwi kuwa vitu, haziwezi kuijaza nafasi hiyo. Zinazoijaza ni Integer na Double, ambazo ni namba zile zile zilizotiwa katika vifungashio. Lipo tabaka lililo juu ya vifungashio hivyo vyote, liitwalo Number, na wanafunzi wengi hulikimbilia wakidhani linajua kujumlisha. Halijui. Linalolijua ni kujigeuza kuwa int, long, double au aina nyingine tupu ya namba, basi. Na kwa hiyo aandikaye jumla ya jeneriki kwa Java aghalabu huishia kugeuza kila kitu kuwa double, ambapo namba kamili ikishapita 9,007,199,254,740,992 huweza kupoteza tarakimu zake za mwisho pasipo onyo. Utetezi wa njia hii ni kwamba iliziacha programu za kale zikiendelea kufanya kazi bila kuguswa, na utetezi huo una uzito mkubwa kwa benki na idara zenye msimbo wa miaka mingi. Mradi wa Valhalla, ulioanzishwa mwaka 2014 ili namba tupu ziweze kuijaza T, ni ungamo la wenyewe kuwa gharama ilikuwa kubwa.

C++ ilishika mwisho wa pili wa kamba. Kiolezo chake, ndilo jina la jeneriki huko, hukubali aina yoyote bila sharti, na swali la kama aina hiyo yajua kujumlishwa huachwa mpaka mtu aitumie. Ikijulikana haijui, kompaila humwaga kurasa za malalamiko ambazo humchosha hata bingwa. Nguvu yake haina mfano, ila masharti yenye kuandikwa wazi hayakuingia katika lugha hiyo hadi kanuni ya mwaka 2020.

Go ilizaliwa mwaka 2009 bila jeneriki, kwa makusudi, na ikakaa hivyo hadi toleo la 1.18 la Machi 2022. Ilipozikubali, ilichagua sharti la namna ya orodha: mwandishi hutaja kwamba T ni ama int, ama int64, ama float64, na kadhalika, na alama ndogo ya wimbi mbele ya jina huruhusu pia aina zilizozaliwa na hizo, kama vile aina ya Shilingi iliyojengwa juu ya int64. Sifa ya njia hii ni uwazi, maana msomaji huona kwa jicho ni nani walioalikwa. Upungufu wake ni kwamba orodha imefungwa: namba kubwa zisizo na mpaka, ambazo katika Go hujumlishwa kwa kuita funksheni zake na si kwa alama, haziwezi kuingia hata zikibisha hodi mpaka jioni. Fauka ya hayo, mwandishi akiiweka int8 katika orodha, hawezi tena kuiongezea T namba 1,000 ndani ya funksheni, kwa sababu 1,000 haienei katika biti 8. Na anayekutana na katazo hilo kwa mara ya kwanza hudhani kompaila imerukwa na akili, ilhali imesema kweli tupu.

Haskell ilitangulia wengi katika kutafuta njia ya kati. Philip Wadler na Stephen Blott walieleza mwaka 1989 namna ya kuyakusanya matendo katika matabaka yenye majina, na kila aina ikatangaza yenyewe ni matabaka gani imeyatimiza. Tabaka la Num linajua kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Kugawanya kumetengwa, kwa namba za sehemu katika tabaka moja na kwa namba kamili, pamoja na baki lake, katika jingine. Huo ni ufahamu ulio sawa kabisa na funzo la rupia. Lawama ni kwamba Num yenyewe imebebeshwa mno: atakaye aina yake ijumlishwe tu hulazimika pia kueleza namna inavyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, na sijui ni mtu gani awezaye kueleza shilingi mia mara shilingi mia ni nini.

Rust, iliyotoa toleo lake la kwanza thabiti Mei 2015, ikayapasua hayo vipande vidogo zaidi: kujumlisha ni ahadi moja, kuzidisha ni nyingine, kugawanya ni nyingine, na maktaba yake kuu haina ahadi moja iitwayo namba. Aina ya Shilingi yaweza kuahidi kujumlishwa na kukataa kuzidishwa na Shilingi nyingine, huku aina ya Bei ikiahidi kuzidishwa na Kilo na kutoa Shilingi. Anayeandika hisabati nzito hunung'unika, kwa kuwa masharti yake huweza kujaza mistari mitano kabla hajaandika hatua moja ya kazi. C# nayo, iliyokuwa na jeneriki tangu 2005 lakini isiweze kuiambia T ijumlishwe, ilingoja hadi Novemba 2022, katika toleo la 7 la jukwaa lake la .NET, ndipo ikaleta mfululizo wa ahadi ndogo pamoja na ile kubwa ya INumber kwa wanaotaka zote kwa mpigo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba lugha ya Ada, iliyosanifishwa mwaka 1983 na ambayo vijana wetu wengi hawajapata kuisikia, ilikuwa na jibu ambalo waliofuata walilifikia kwa kuzunguka. Katika Ada mwandishi wa jeneriki haambiwi aseme kuwa T ni namba. Husema kuwa T ni aina yoyote ya namba kamili, au yoyote ya nukta inayoelea, au yoyote ya nukta iliyokazwa mahali, yaani ile inayofaa fedha, na kila jinsi huja na kanuni zake za kugawanya na za kukadiria. Hali kadhalika, lugha hiyo humruhusu mtu kutangaza Shilingi na Kilo kuwa aina mbalimbali hata zikiwa na umbo moja ndani ya mashine, na huzikataza zisichanganyike.

Mfano wa kodi

Hoja hizi zikiachwa hewani huonekana za wanazuoni, kwa hiyo na tuzishushe katika stakabadhi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18; bei ikiwa imekwisha kujumuisha kodi, fungu la kodi ni bei mara 18 gawanya kwa 118. Mwandishi akaiandika funksheni ya jeneriki kwa T yoyote iliyo namba, na kompaila ikaipitisha. Kwa bei ya shilingi 1,000, T ikiwa namba yenye nukta, jibu ni 152.54 na ziada. T ikiwa namba kamili, jibu ni 152, maana sehemu hukatwa na kutupwa. Na mhasibu mwenye kufuata kanuni ya kukadiria angeandika 153. Majibu matatu kwa swali moja, na hakuna hata moja ambalo kompaila imeliona kuwa na dosari. Mwandishi mwingine, kwa kutaka unadhifu, akaigawa kwanza 18 kwa 118 na kisha akazidisha. Kwa namba kamili mgawanyo huo ni sifuri, na wafanyabiashara wake wote wakasamehewa kodi.

Sasa tuipandishe bei. Shehena ya shilingi milioni 120 si ajabu katika biashara ya chumvi au sukari. Ikizidishwa kwa 18 hupata 2,160,000,000, nayo namba kamili ya biti 32 haiwezi kubeba zaidi ya 2,147,483,647. Katika Java na Go hesabu huzunguka kimyakimya upande wa hasi, na baada ya kugawanya kwa 118 kodi inayotoka ni hasi 18,092,943, badala ya 18,305,084 na ushei. Lugha ya Swift ingeisimamisha programu papo hapo; Rust ingeisimamisha wakati wa majaribio na, kwa mpangilio wake wa kawaida, kuiachia izunguke katika toleo la kupewa watu; Ada ingepiga kelele. Alama ya kuzidisha ni moja katika zote, na T ni ile ile. Tena atakayekimbilia namba zenye nukta za biti 32 atakuta kuwa usahihi wake kwa namba kamili unakoma 16,777,216, kiasi ambacho kwa shilingi yetu hakifiki bei ya magari mengi yaliyotumika. Vitabu vingi vya lugha hizi vimeandikwa na watu ambao fedha zao haziwi na tarakimu nyingi hivyo, na mipaka inayoonekana kwao kuwa ya mbali kwetu iko mlangoni.

Gharama za mashine na za msomaji

Juu ya kasi, maneno yanaweza kuwa machache. C++ na Rust hutengeneza nakala ya funksheni kwa kila aina iliyotumika, kwa hiyo programu huenda mbio, lakini kuitafsiri huchukua muda na faili hunenepa. Java huweka nakala moja na kulipa kwa vifungashio: int ya baiti 4 ikifungwa huwa kitu cha aghalabu baiti 16, bila kuhesabu anwani ya kukifikia. Go imeshika katikati, ikiziunganisha katika nakala moja aina zenye umbo moja. Kwa programu ya dukani tofauti hizi hazionekani. Kwa anayepiga hesabu za hali ya hewa au za picha, zinaonekana sana.

Gharama inayosahauliwa ni ya msomaji. Funksheni mbili fupi za jumla, moja ya kilo na moja ya shilingi, husomwa na mgeni kwa dakika moja, ilhali funksheni moja yenye masharti manane juu yake humtaka kwanza aelewe masharti. Kurudia msimbo kumelaumiwa kupita kiasi katika mafunzo yetu, hata mtu huona aibu kuandika mistari sita mara mbili na haoni aibu kuandika fumbo mara moja.

Mizani

Zikiwekwa hoja hizi katika mizani, naona jeneriki kwa namba ina haki isiyopingika katika matendo ambayo maana yake haibadiliki na aina: jumla, kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote, kupanga kwa ukubwa, kuhakiki kuwa thamani imo kati ya mipaka miwili. Ina haki pia, na hapa wapinzani wake hukosea, katika maktaba za hisabati zinazofanya kazi ndani ya jinsi moja, kama vile majedwali ya namba zenye nukta za biti 32 na 64, ambapo kuandika kila kitu mara mbili ni kualika makosa yasiyokuwa ya lazima. Katika hayo yote, sharti lidai tendo linalotumika na lisipite hapo. Mtu anayejumlisha tu asidai namba nzima.

Haina haki pale penye kugawanya, asilimia na kukadiria, hasa juu ya fedha. Hapo aina ni sehemu ya jibu, na kuificha nyuma ya T ni kuificha hukumu ambayo mhasibu, na siyo kompaila, ndiye mwenye mamlaka ya kuitoa. Tena naona vijana wetu wameanza upande usio wake: wamehangaika kuunganisha funksheni mbili za jumla kabla hawajatenganisha Shilingi na Kilo, ilhali kosa la kuchanganya viwili hivyo ndilo linalofika kwa mteja. Katika Go, katika Rust, katika Haskell na katika Ada, kutangaza aina hizo mbili ni kazi ya mistari miwili. Java na C# zinaweza kudai zaidi, lakini kazi hiyo inalipa.

Na juu ya kugawanya fedha, chukua kikundi cha wavuvi saba kinachotaka kugawana shilingi 100,000. Funksheni ya jeneriki ya kugawanya itampa kila mmoja 14,285.714 na kuendelea kama T ina nukta, kiasi ambacho hakuna awezaye kukilipa, au 14,285 kama T ni namba kamili, na shilingi 5 zikatoweka katika daftari. Funksheni iliyoandikwa kwa ajili ya Shilingi peke yake itarudisha vitu viwili, fungu la kila mtu na baki, na itamlazimisha anayeiita aseme baki hilo linakwenda kwa nani.